Beseni la Wodi ya Wanaume

Nilipofika wodini asubuhi ile, kitanda cha mume wangu Thuo kilikuwa kimeshatandikwa shuka safi. Kipkemei, wa kitanda cha jirani, alikuwa amegeukia ukutani. Sista alinishika mkono, akaniketisha, akaniambia.

Mama mkwe wangu hakulia. Alimtazama Kipkemei mgongoni, kisha akanigeukia.

"Ni uchafu wa huyu umemuua mwanangu. Na wewe Nyakio ndiwe ulimpa beseni."

Ilikuwa Februari 2008. Mume wangu alichomwa mshale pajani vurugu za baada ya uchaguzi zilipofika kwetu Nakuru. Kipkemei alitoka upande wa Olenguruone, amekatwa panga mguuni. Wodi ilijaa, wakalazwa ubavu kwa ubavu, watu wa makabila mawili ambao nje wasingepita njia moja. Siku za kwanza hawakusemezana. Kisha Thuo akamwambia, "Boss, tukitoka hapa utanionyesha aliyenirushia mshale."

"Ningekuwa mimi," Kipkemei akajibu, "singelenga paja."

Thuo alicheka mpaka jeraha likamuuma. Baada ya hapo Jepkorir, mke wa Kipkemei, akawa anamletea mursik, maziwa ya kuganda ya kibuyuni, na mimi nikawa namwazima beseni langu la kuoshea mgonjwa, kwa sababu lake liliungua na nyumba.

Kidonda cha Kipkemei ndicho kilichoanza kutoa usaha. Cha Thuo kikafuata. Daktari alibadilisha sindano, akabadilisha tena, akatueleza kwamba bakteria hao walishazoea dawa zilizokuwepo. Kipkemei alikatwa mguu, akapona. Paja halikuwa na mahali pa kukata.

Tulizika. Mama mkwe alimweleza kila aliyekuja matangani habari za beseni, na hakuna aliyebisha, kwa kuwa mwaka ule jambo kama hilo lilikuwa rahisi kuaminika. Hata mimi niliamini. Jepkorir alituma pole kwa mtu. Mama akamwambia asirudi tena na salamu kutoka huko.

Mwezi wa tisa alikuja Avni, msichana wa Milimani aliyekuwa akisomea mambo ya vijidudu. Nilimkumbuka: ndiye aliyepitia wodi nzima na vijiti vya pamba, akichukua usaha wa kila kidonda. Niliwahi kumwomba akijua chochote aniambie. Alikaa jikoni, Mama akiwa mlangoni anapeta maharagwe.

"Dada Nyakio, wote wawili walikuwa na bakteria wa jina moja, na dawa zilizoshindwa ni zile zile. Lakini tulipoangalia uzao wao, ni koo mbili tofauti kabisa. Wa mumeo hawakutoka kwa Kipkemei."

Nilimuuliza walitoka wapi basi. Alisema hajui; katika wodi ile moja walikuta uzao mwingi kuliko walivyotarajia, na wa Thuo hawakufanana na wa mgonjwa mwingine yeyote waliyempima. Nikafikiria mahindi: shamba ukiliona kutoka barabarani ni mahindi tu, na mwenye shamba anajua kapanda mbegu za aina ngapi.

Mama aliendelea kupeta. Avni alipoondoka ndipo akasema, "Huyo msichana angejuaje? Hakuwa anawaosha."

Jepkorir sasa anauza viazi sokoni, karibu na geti. Mama akifika hapo huzunguka upande wa pili. Mimi hununua kwake.