Mweleka wa Kweli

Dobi aliingiza nyonga, akavuta ukosi, akageuka. Mwoka mikate hakuondoka mahali pake. Alisimama kwenye mkeka kama gunia la unga, akimtazama Dobi kwa huruma.

"Tena," alisema Mwalimu.

Mara ya pili ikawa vilevile. Mara ya tatu ni Dobi aliyejikuta chali, macho kwenye taa za dari. Mtihani wa mkanda mweusi wa judo ulikuwa umebakiza wiki tatu. Mwalimu alikuwa anang'atuka, na bila mkanda huo Dobi asingekabidhiwa darasa la wanaoanza, kitu pekee alichokitaka tangu afiwe na mkewe.

Mwoka mikate alikuwa amehamia klabuni siku hiyohiyo. Hakumjua Dobi, wala hakuwa na sababu ya kumfanyia hisani.

"Hii miaka minne umekuwa ukimwangusha nani?" Mwalimu aliuliza.

Jibu lilijulikana. Dobi alifanya mazoezi na mtu mmoja tu, shemeji yake, kaka wa marehemu. Kila jioni alimtupa mara hamsini, na kila jioni Shemeji alikwenda chini mara hamsini, puu, puu. Sasa Shemeji alikuwa pembeni, akifunga mkanda ambao tayari ulikuwa umefungwa.

Mwalimu alikuwa mkunga kabla ya kustaafu. "Mficha uchi hazai," alimwambia Shemeji. "Sema."

"Nilikuwa naruka kidogo."

"Kidogo?"

"Akianza tu kugeuka, naondoa uzito." Shemeji alimgeukia Dobi. "Nilitaka iwe wiki moja. Tulikuwa tumetoka kuzika, nikaona angalau kitu kimoja kikuendee sawa. Halafu ukaanza kucheka tena. Ningeacha lini?"

"Kumbe ulikuwa unanibembeleza kama mtoto mchanga!"

"Nilikosea, shemeji."

"Umenifanya kichekesho."

Siku mbili Dobi hakumsemesha. Aliumia kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Huku akipiga pasi, alipitia kichwani kila mweleka aliowahi kupiga, akitafuta hata mmoja ambao angeweza kuuita wake, mpaka akaunguza ukosi wa shati la mteja. Siku ya tatu alimsubiri Shemeji mlangoni mwa klabu.

"Kuanzia leo usianguke. Ukinihurumia tena, ushemeji umekwisha."

"Hata mara moja?"

"Hata nusu."

Shemeji hakuanguka. Wiki nzima Dobi alihangaika mara hamsini kila jioni asiambulie kitu, na Shemeji, ambaye hakuwahi kunyamaza, alianza kutania: "Unanitupa au unanikumbatia?" Mwalimu akapunguza idadi hadi kumi, polepole, akamkataza kugeuka kabla hajamyumbisha mwenzake. Mtu aliyesimama imara hang'olewi, alisema, huviziwa akiwa njiani kati ya hatua na hatua. Mikono ya Dobi, iliyozoea kukamua mablanketi, ilikuwa na nguvu tele. Ilichokosa ni subira, kwa sababu kwa miaka minne haikuwahi kusubirishwa na mtu.

Siku mbili kabla ya mtihani, Shemeji alipiga hatua mbele, na Dobi akawa tayari yuko chini yake. Hata hakukumbuka aligeuka lini. Shemeji alitua kwa mgongo mzima, bila kuwahi kupiga mkeka kwa kiganja kama wanavyofundishwa ili kupunguza kishindo, na pumzi ikamtoka.

Dobi alipiga magoti. Aliogopa, kisha akafurahi, kisha akaona haya kwa kufurahi.

"Shemeji. Umeanguka, au umejiangusha?"

Shemeji alifungua mdomo, hewa ikagoma kuingia. Macho yalimjaa maji. Alipapasa hewani hadi akaushika mkono wa koti la Dobi, akaukunja ndani ya ngumi, na Dobi akabaki ameinama pale pale, akisubiri kifua cha mwenzake kiinuke.