Mnyororo wa Mninga

Sikumwamini Lukumani seremala tangu siku aliyoanza kutembea na daftari. Mtu wa randa na msumeno, penseli sikioni, anapita nyumba hadi nyumba akiwatazama watoto wa watu kuanzia utosini hadi nyayoni, kisha anaandika. Nilimuuliza anaandika nini. Akasema, "Mambo ya lori, Bi Mwanamkuu." Majibu mafupi namna hiyo mimi siyapendi.

Ilikuwa mwaka sitini na tano, zimebaki siku nane kufika Saba Saba. Kila mtaa wa Tabora ulitakiwa kupeleka lori lililopambwa kwenye maandamano. Watu wa reli walikuwa wanaunda gari-moshi la mabati, walimu wana kitabu cha mbao kikubwa kuliko mlango, na sisi wa Ng'ambo tulipewa kuonyesha tulikotoka na tulikofika. Lori letu lilitoka Goweko, lilikuwa la kubebea tumbaku, na hata baada ya kuoshwa mara tatu lilimpigisha mtu chafya. Katikati, juu ya jukwaa, wangesimama watu huru na majembe na bendera. Pembeni, miguu ikining'inia, wangekaa watumwa wanane waliofungwa mnyororo. Mnyororo huo Lukumani aliuchonga kwa mbao za mninga, pete moja moja, akaupaka masizi hadi ukafanana na chuma.

Siku ya Jumatano akaja uani kwangu na daftari lake, akasoma majina ya hao wanane. La tano lilikuwa la binti yangu, Sikuzani.

"Kwa nini yeye?" nikamuuliza.

"Anafaa," akasema, akageuza ukurasa.

Neno hilo moja lilininyima usingizi. Sikuzani alikuwa ameposwa na Saidi, mtoto wa Bi Mwanajuma, na nikahi ilikuwa wiki mbili baada ya Saba Saba. Bi Mwanajuma ni mtu anayeweza kukutajia babu zake tisa bila kumeza mate. Majukwaani tulikuwa tunaambiwa kwamba sote sasa ni ndugu, hakuna bwana wala mtwana, na yeye alipiga makofi kama sisi wengine. Lakini wajumbe wake walipokuja kuposa, swali lao la kwanza lilikuwa mama yangu ni binti wa nani.

Nami nilikuwa na jambo ninalolificha. Nalisema leo kwa kuwa sina tena wa kumwogopa. Uani kwangu aliishi mwanamke mzee aliyeitwa Zafarani, ambaye Ng'ambo nzima ilimjua kuwa ni yaya aliyenilea. Hakuwa yaya. Alikuwa mama yangu mzazi. Aliletwa kutoka Manyema akiwa mtoto, akavushwa ziwa, akauzwa Ujiji kwa watu wa baba yangu. Baba alipozaa naye alinipa jina la ukoo wake, na mke wake wa ndoa, asiyejaliwa mtoto, akahesabiwa kuwa ndiye mama. Wote wawili walipofariki, mimi na Zafarani tulipanda gari-moshi tukaja Tabora. Mwanamke aliyetupokea stesheni akaniuliza, "Na huyu ni nani?" Nilikuwa na miaka kumi na saba, nimevaa buibui jipya, na Zafarani amebeba sanduku langu kichwani. Nikasema, "Yaya wangu." Tangu siku ile akaniita Bi Mwanamkuu, hata tukiwa wawili tu jikoni.

Kwa hiyo nilipoambiwa binti yangu anafaa kukaa kwenye mnyororo, nilijua kuna mtu amesema. Nikaanza kutafuta ni nani.

Wa kwanza niliyemshuku alikuwa Yahaya, gadi wa gari-moshi, maana yeye hufika Kigoma kila wiki, na kutoka Kigoma hadi Ujiji ni mwendo wa kwenda na kurudi kabla chai haijapoa. Nikampelekea maandazi, nikaketi, nikazungumza habari za mvua. Akala matatu, akafuta mdomo, akasema, "Hivi Bi Mwanamkuu, kule Ujiji mlikuwa mnakaa sehemu gani?" Miaka ishirini na zaidi tunajuana, hajawahi kuniuliza hilo, ila wiki hii. Niliondoka bila kuchukua sahani yangu.

Wa pili alikuwa Lukumani mwenyewe. Ijumaa nilirudi kutoka sokoni nikamkuta amechuchumaa mbele ya Zafarani, daftari gotini. Nikajibanza nyuma ya ua wa mabua nikasikiliza. Siyo tabia nzuri, najua, lakini nani angenieleza kama nisingesikiliza?

"Bibi, wewe ndiye mzee kuliko wote mtaani," Lukumani alikuwa anasema. "Walifungwa shingoni au miguuni?"

"Wanaume shingoni," Zafarani akajibu. "Wanawake wengine kamba kiunoni."

"Na watoto?"

"Watoto hawakufungwa. Mtoto ataenda wapi? Humfuata mama yake mwenyewe."

Lukumani akaandika. Kwamba Zafarani aliwahi kuwa mtumwa halikuwa siri, mayaya wa zamani wengi walikuwa hivyo. Lakini niliona amemtazama Zafarani usoni muda mrefu, halafu akaitazama nguo ya Sikuzani iliyoanikwa kambani. Nikajumlisha. Yahaya kaleta maneno, Lukumani anayahakikisha, na siku ya Saba Saba mtoto wangu atatembezwa mji mzima kwenye mnyororo ili Bi Mwanajuma aelewe bila kuambiwa.

Ningeweza kumwita pembeni nikamuuliza kwa upole. Mimi na upole hatujawahi kukaa nyumba moja.

Jumatatu alasiri nikaenda kwenye karakana yake. Lori lilikuwa pale, limefunikwa nusu, na akina mama kama kumi wanashona vitambaa vya kijani na vyeusi kuzunguka bodi. Sikuzani alikuwa juu anajaribu mnyororo, anacheka na wenzake. Sikumwona Bi Mwanajuma, aliyekuja kumtazama mkwewe mtarajiwa na kuketi kivulini upande wa pili wa lori. Hasira ina macho mabovu.

"Fundi Lukumani," nikasema mbele ya wote. "Kama mama yangu alinunuliwa Ujiji, hilo ni langu na Mungu wangu. Halikuhusu wewe na daftari lako."

Lukumani alikuwa na misumari mdomoni. Akaitoa mmoja mmoja, akaiweka kiganjani.

"Bi Mwanamkuu," akasema taratibu, "wafupi wanakaa pembeni. Warefu wakikaa pembeni, walio katikati hawataonekana."

Nikainua macho. Watoto wanane wa mnyororo walikuwa wamekaa mstari mmoja, na hakuna hata mmoja ambaye akishuka angemfikia Lukumani begani. Mmoja wao alikuwa binti wa Yahaya. Mwingine alikuwa mpwa wa Lukumani mwenyewe.

Hapo ndipo Bi Mwanajuma alipotokea upande wa pili wa lori. Akajifunga mtandio vizuri, akanitazama, akaondoka bila kuaga. Nilisimama pale nikiona aibu hadi masikio yakawaka. Hakuna aliyekuwa amesema. Hakuna aliyekuwa anajua, ila mimi, na mimi ndiye niliyesema.

Usiku ule Sikuzani aliniuliza maana ya maneno yangu. Nikamwambia ulimi umeteleza. Akaniangalia kama ninavyowaangalia watu mimi, akaenda kulala.

Kesho yake baada ya sala ya alasiri Bi Mwanajuma akaja. Nilimkimbilia mlangoni kumkaribisha ndani. Akasema, "Sikuja kwako," akapita moja kwa moja hadi uani. Zafarani alikuwa amekaa mkekani anachagua mchele kwenye ungo, Sikuzani pembeni yake. Bi Mwanajuma alikuwa mdogo kwake kwa miaka ishirini na ushee, lakini hakumpa shikamoo. Hakuwahi kumpa.

"Zafarani, nijibu mbele ya Mungu wako. Huyu Mwanamkuu umemzaa wewe?"

Zafarani akaokota kijiwe, akakitupa.

"Mimi sikujaliwa kuzaa, bibi. Mama yake alizikwa Ujiji, na kaburi lake nilikuwa nalifagia mimi. Huyu nimemlea tu."

"Mbona jana kasema mama yake alinunuliwa?"

"Si alikuwa ananisema mimi? Mtoto uliyemnywesha maziwa kwa kijiko huweza kukuita mama akikasirika. Na hasira zake unazijua, zikimpanda hajui anatamka nini."

"Apa."

Zafarani hakuwahi kukosa sala tangu nipate akili. Aliweka ungo chini, akapangusa pumba mikononi, akaapa. Kisha akauchukua ungo akaendelea na mchele wake.

Ulikuwa wakati wa kusema. Sikuzani alikuwa ananitazama, na nadhani kama ningefumbua mdomo angefurahi, hata kama Saidi angeondoka. Bi Mwanajuma akashusha pumzi, uso ukamlegea, akasema, "Alhamdulillahi." Nami nikamwambia, "Karibu ndani, mkwe wangu, upate kahawa." Akaingia, akanywa vikombe viwili.

Jioni nilimchungulia Zafarani kupitia upenyo wa mlango. Nilitaka kujua kama ameniokoa au amenikomoa, maana mtu anaweza kumlipa mwenzake kwa kumpa kile kile alichokitaka. Alikuwa anapasha maji ya kuoga. Sikuona chochote usoni mwake.

Saba Saba ikafika. Tulisimama kando ya barabara kuu, vumbi hadi kooni, matarumbeta ya polisi mbele. Gari-moshi la mabati likapita likitoa moshi wa kweli, watu wakashangilia. Kisha likaja lori la Ng'ambo, limezungushiwa majani ya mgomba na karatasi za rangi, Lukumani anatembea kando yake na nyundo, akiogopa kitu kisilegee. Sikuzani alikuwa wa tano pembeni. Wenzake walijitahidi kulia kama walivyofundishwa. Yeye hakulia wala hakucheka. Alikuwa ameshika mnyororo kwa mikono miwili, akimtazama Zafarani, na alimtazama hadi lori likapita.

Zafarani alikuwa ubavuni kwangu, kanga yake imelowa machozi kifuani. Sikuwahi kumwona akilia, hata siku tuliyoondoka Ujiji. Maneno yakanitoka yenyewe.

"Mama," nikasema. "Mama, nisamehe."

Akanibana mkono, macho yake bado yako kwenye lori.

"Punguza sauti, Bi Mwanamkuu," akasema. "Mkweo yuko nyuma yetu."