Chukua na ya Kesho

Teodora alikuwa ameshaanguka mtihani ule mara mbili, na mara zote mbili alianguka kwa somo lilelile: usimamizi wa akiba. Masomo mengine ya ngazi ya mwisho ya Bodi ya Ugavi, kuanzia ununuzi na mikataba hadi usafirishaji, aliyafaulu bila taabu. Lakini akifika kwenye swali la kiwanda kiweke mali kiasi gani boharini, kalamu yake ilijaza stoo hadi darini. Hakuweza kujizuia. Alianza kazi ya ugavi katika miaka ya uhaba, wakati sabuni na tairi vilipatikana kwa foleni na kibali, na afisa ugavi hodari alikuwa yule anayenusa kwamba kuna shehena imeingia stesheni na kuibeba yote kabla hajajiuliza itatumika lini. Mtu aliyelelewa hivyo, umwambie leo kwamba mali iliyolala stoo ni hasara, anakuona umechanganyikiwa.

"Ninyi watu wa foleni mna ugonjwa," Mwalimu Josephat aliwaambia wanafunzi wake watu wazima, katika chumba cha kukodi kule Butimba, Mwanza. "Mnanunua kwa hofu. Siku hizi ni ruksa, maduka yamejaa. Nunua kinachotosha leo, kingine muuzaji akutunzie. Na muuzaji akikusukuma ubebe zaidi, jua anatafuta pa kutupia mali yake."

Teodora aliyapigia mstari maneno yale. Hakuwa na ujanja. Mwaka huo wa tisini na nne kiwanda cha nyavu alichofanyia kazi kilikuwa kinauzwa, na meneja alikuwa amewaita wakuu wa idara akawaambia kwa sauti ya upole kwamba mwekezaji atabaki na wenye vyeti kamili tu. Wengine watapunguzwa. Paulo, mumewe, alikuwa ameshapunguzwa kwenye kinu cha pamba, na sasa alishinda nyumbani Mabatini akitengeneza redio za majirani zisizopona. Mtihani ulikuwa Jumatatu moja ya mwezi wa kumi na moja. Baada ya hapo mwekezaji angeshaingia, na nafasi ya nne isingemsaidia mtu yeyote.

Jumatano ya wiki iliyotangulia ikaja habari kutoka Nansio, kisiwani kwao Paulo, kwamba mama yake amefariki.

Tuseme ukweli, kwa kuwa Teodora mwenyewe hakuwahi kuusema: machozi yake ya kwanza yalikuwa ya mtihani. Alikaa kitandani akalia, Paulo akamshika bega akidhani wanalia pamoja. Ndipo akamkumbuka mama mkwe wake, aliyemlelea mwanawe Odeta mwaka mzima ili yeye asome, akalia upya kwa aibu.

Wakavuka kwa meli siku iliyofuata. Vitabu aliviweka chini kabisa ya mfuko, chini ya vitenge. Njia nzima alitazama maji huku midomo ikichezacheza, abiria wenzake wakamwachia nafasi kwa kuwa walidhani anasali.

Msibani kazi ilikuwa inamsubiri. Shimba, kaka mkubwa wa Paulo, ndiye aliyeongoza kamati, na hakupoteza muda.

"Shemeji, wewe ni mtu wa manunuzi," alisema. "Chakula ni chako. Selina atakusaidia jikoni. Tunazika Jumamosi, wajomba wakishafika kutoka Mara, na Jumapili asubuhi tunaanua matanga. Najua una mtihani. Meli ya mchana utaiwahi."

"Asante, shemeji," Teodora akasema, na moyo ukatulia kidogo.

Zamani angejua la kufanya: angezoa kila gunia lililoko kisiwani na kulilalia. Safari hii alisimama nyuma ya nyumba, akatazama mafiga na masufuria, akajiambia kwamba hapa ndipo atakapojipima. Kama hawezi kuacha woga wa foleni kwenye chakula cha msiba, atauachaje Jumatatu mbele ya msimamizi? Akaenda kwa Chenge, mfanyabiashara mwenye ghala kubwa kuliko yote pale sokoni, wakapatana: kila asubuhi mkokoteni utamletea mchele na unga wa muhogo wa siku ileile tu. Samaki wangetoka ufukweni kila alfajiri.

"Hununui yote kabisa ukapumzika?" Selina aliuliza. Selina alikuwa mdogo wake Paulo wa kike, mwanamke wa maneno machache na mikono isiyotulia. "Msibani chakula huwa kinabaki, wifi. Kikibaki watu wanasema marehemu alikuwa na watu."

"Kitatosha, wifi. Nimepiga hesabu."

Na kweli kilitosha. Alhamisi jioni watu walikula, Ijumaa mchana wakala, masufuria yakakwanguliwa safi na hakuna aliyelala na njaa. Teodora alishika mwiko huku kichwani akijisomea kanuni za Mwalimu Josephat, na kwa mara ya kwanza kanuni zile zilikuwa na maana. Alijisikia mwepesi. Kama kuna mtu angemwona akitabasamu peke yake kando ya sufuria la maharage, angeshangaa huyu ni mkwe wa namna gani.

Ijumaa hiyohiyo, baada ya chakula cha mchana, alipitia kwa Chenge kumaliza habari za siku.

"Mama Odeta," Chenge akasema, akiegemea mizani, "leo chukua na ya kesho kabisa."

Teodora akatabasamu. Huyu hapa muuzaji wa kwenye kitabu, amesimama mbele yake na kopo lake la unga mkononi.

"Ya kesho ni ya kesho, Bwana Chenge."

"Kesho?"

"Kesho. Nimeshapiga hesabu."

Chenge alimtazama kidogo, akamtazama na msaidizi wake. "Haya, mama. Mambo yako unayajua. Mimi ningekuwa wewe ningechukua."

Teodora akarudi msibani amesimama wima, kama mtu aliyekataa rushwa.

Jumamosi asubuhi samaki walifika, sato wakubwa wa kupendeza, lakini mkokoteni haukutokea. Watu walikuwa wameanza kujaa chini ya turubai. Teodora alisubiri, akatoka hadi barabarani, akarudi, mwishowe akafunga kitenge vizuri akaenda mbio sokoni. Ghala la Chenge lilikuwa na makufuli mawili. La jirani yake nalo limefungwa, na la tatu pia.

"Chenge?" mama muuza maandazi akamshangaa. "Leo si Sabato, mama? Yuko kanisani na ukoo wake wote. Hawa wenye maghala wote ni kanisa moja."

Kila mtu Nansio alilijua hilo, hata watoto. Ndiyo maana Chenge hakuona haja ya kulisema. Angemwambiaje mkwe wa ukoo ule, mtu mzima, tena mtaalamu wa manunuzi, kwamba kesho ni Jumamosi? Alidhani ana mpango mwingine.

Teodora akaenda kanisani hivyohivyo na kitenge cha jikoni, akasimama mlangoni hadi Chenge akatoka na suti yake.

"Pole sana, mama," Chenge akasema, na uso wake ulionyesha kwamba anamaanisha. "Ghala sifungui mpaka jua lizame, hata msiba ungekuwa wa mama yangu. Ila nenda nyumbani kwangu, umwambie mke wangu akupe unga wa jikoni kwetu. Huo siuzi, nawapa."

Unga wa jikoni kwa Chenge ulijaza beseni moja. Vibanda vidogo vikatoa makopo machache, majirani wakatoa walichokuwa nacho, na yote pamoja yalitosha wazee wa ukoo na mistari miwili ya mbele. Katekista akasali, kaburi likafukiwa, watu wakarudi chini ya turubai wakanawa mikono. Wajomba wa Paulo walikuwa wa mwisho kutoka kaburini, wakakaa nyuma ya wote. Walikuwa wamevuka ziwa kwa boti ya injini tangu giza, wakipigwa na mawimbi, kuja kumzika dada yao. Teodora aliwapelekea sahani kwa mikono yake mwenyewe. Sahani zilikuwa na sato na mchuzi. Ugali haukuwapo.

Mzee Otuoma, kaka mkubwa wa marehemu, aliitazama sahani, akasubiri kwa adabu, kama mtu anayejua kwamba kingine kiko njiani. Hakikuja. Akamega samaki, akala, akanawa.

"Tumeshiba, mama," akasema. "Mungu awabariki."

Afadhali angemtukana. Teodora alirudi nyuma ya nyumba, akakuta Selina anaosha sufuria lisilohitaji kuoshwa. Selina hakuinua uso.

Jioni jua lilipozama, Chenge alileta mkokoteni bila kuitwa, umejaa. Wajomba walikuwa wameshasema wataondoka alfajiri. Shimba akaenda kuwaomba wakae, wakakubali, na wazee wakaamua: matanga hayaanuliwi Jumapili. Jumapili watapika upya, wajomba wale kwa heshima, na Jumatatu ndipo ukoo utatawanyika. Ukoo hauwezi kufunga msiba huku kaka za marehemu wakiwa wamekula mchuzi mtupu.

Hakuna aliyemtaja Teodora katika kikao kile. Hilo ndilo lililomtisha.

Asubuhi yake alimvuta Paulo kando, karibu na zizi la mbuzi.

"Meli ni mchana," akasema. "Mtihani ni kesho."

"Najua."

"Nikikosa huu, kazi imekwisha. Tutakula nini, Paulo? Redio?"

Paulo aliangalia mbuzi. "Mimi siwezi kukwambia kaa, wala siwezi kukwambia nenda. Walioaibika ni wajomba zangu, na aliyelala pale chini ni mama yangu. Amua wewe."

Teodora alipandwa na hasira. Alitaka mumewe amzuie, apate wa kumlaumu maisha yake yote, au amruhusu, apate wa kumshukuru. Paulo hakumpa hata kimoja. Teodora alibaki ameshika ukuta wa zizi, akiwaza makufuli ya Chenge na mlango wa chumba cha mtihani, asijue kipi kinamuogopesha zaidi. Mwishowe akaenda kupiga goti mbele ya Shimba.

"Shemeji, naomba ruhusa. Nikimaliza tu mtihani nitarudi na meli ya kwanza."

Shimba hakukasirika. "Nenda, Mama Odeta. Ufaulu. Chakula tutajitafutia wenyewe."

Alipochukua mfuko wake, wanawake walikuwa wameinamia mchele wa Chenge, wanachambua. Waliitikia kwaheri yake vizuri kabisa. Lakini hakuna aliyenyanyuka kumsindikiza, na kutoka nyumba ile hadi bandarini si mbali. Melini hakufungua kitabu. Alifumba macho, kila alipofumba akamwona Mzee Otuoma anasubiri ugali.

Jumatatu, swali la akiba lilikuwa la kwanza. Kiwanda kinategemea muuzaji mmoja anayeleta mali kila siku. Mshauri meneja wake. Alilisoma mara mbili. Kisha akaanza kuandika, na hakuandika ya Mwalimu Josephat wala ya miaka ya foleni. Aliandika kwamba kabla ya kupanga siku za kupokea mali, ujue siku ambazo muuzaji wako haleti, na kwa nini, na nani mwingine atakuletea. Aliandika kwamba akiba haipimwi kwa mali peke yake, inapimwa pia kwa aibu ya kuikosa. Aliandika kwa uchungu, bila kupumzika, hadi msimamizi akamgusa bega kumwambia muda umekwisha.

Alirudi Nansio na meli ya kwanza kama alivyoahidi. Matanga yalikuwa yameanuliwa, turubai limekunjwa, wajomba wameondoka. Waliobaki walimwambia karibu, wakamuuliza habari za mtihani.

Alifaulu, na kufaulu kwenyewe kwa alama za juu. Mwekezaji alipoingia alimkuta na cheti chake, akamfanya mkuu wa ugavi, na nyumba ya Mabatini ikaendelea kula. Paulo alifurahi kweli, akaacha zile redio akapata kibarua palepale kiwandani.

Mwaka ulipotimia ukoo ukaitisha kumbukumbu ya mama. Teodora alivuka na magunia ya mchele, madumu ya mafuta, sukari, majani ya chai na unga wa kutosha kijiji kizima. Alikuwa amenunua kwa hofu kama zamani, na hakujali. Vijana wakavibeba, Selina akamshukuru kwa mikono miwili, akaelekeza viwekwe chumba cha ndani.

"Kwa nini ndani, wifi?" Teodora akauliza. "Leteni huku jikoni tuanze."

"Chakula kipo tayari, wifi. Tulishajipanga."

Nyuma ya nyumba moshi ulikuwa unapanda na wanawake wa ukoo wote walikuwa huko, wengine wameolewa juzi tu, wanacheka na kugombania mwiko. Teodora akafunga kitenge kiunoni.

"Basi nipe kisu, nikate vitunguu."

"Vitunguu vimeshakatwa." Selina aliingia sebuleni, akatoka na kiti kizuri, kile chenye mto, akakifuta kwa kanga yake na kukiweka chini ya turubai, kando ya wajomba. "Kaa hapa, wifi. Umetoka mbali."

"Selina."

"Kaa, mama. Usihangaike."

Hakukuwa na ubaya wowote katika sauti yake, na Teodora angeutafuta hadi leo asiupate. Akakifungua kitenge kiunoni, akakaa. Mzee Otuoma akamsogezea nafasi, akamuuliza hali ya Mwanza. Baada ya muda msichana mmoja alikuja na jagi la maji na beseni kuwanawisha wageni, akaanzia kwake.

Teodora akanyoosha mikono, akanawa.