Koti la Mwalimu Urbanus

"Nenda, na usirudi!" Ida alimwambia mumewe, na Mwalimu Urbanus hakurudi. Jamani, maneno hayo wanawake huyasema mara ngapi kwenye ndoa zao? Ida peke yake ndiye aliyesikilizwa.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, mitumba imejaa Dumila na hoteli za watu binafsi zinafunguliwa Mikumi. Vijana wa Kilosa wote walitaka Kiingereza wakapokee wageni. Mwalimu aliwafundisha uani kwake, na somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa la mambo yasiyokuwepo.

"If I were a bird! Ningekuwa ndege! Haya, mimi ni ndege?"

"Hapana, mwalimu!"

"Ndiyo maana Mwingereza anasema were hata kwa mtu mmoja. Jambo lenyewe halipo, analiwaza tu!"

Ida alikuwa akipepeta mchele pembeni na kucheka. Kisha hoteli moja ikamwita mwalimu akafundishe wahudumu Mikumi, naye akakubali bila kushauriana na mkewe. Wakagombana asubuhi ya safari. Mchana gari likapinduka.

Tangu maziko, Ida alimsikia uani akikohoa na kufuta ubao. Akitoka mbio, anakuta kuku. Wala hakuogopa, mtu ataogopaje sauti ya mumewe? Kilichomkaba ni swali moja: aliondoka amenichukia?

Siku ya kuanua matanga wakaja watani, Wasukuma wa Rudewa, na wote mnajua mtani hana adabu msibani. Limi, binti aliyekuwa mwanafunzi wa marehemu, alivaa koti la mwalimu, akabandika pamba kidevuni, akashika chaki.

"Nyamazeni, mbumbumbu nyie!" akafoka. Alikohoa kama yeye, akajikuna shingo kama yeye. "If I were alive! Ningekuwa hai, huu wali ningeumaliza peke yangu!"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Wifi yake Ida, Sesilia, akaleta jogoo, maana mtani havui nguo za marehemu mpaka wafiwa wamkomboe.

"Rudisha jogoo," Ida akasema.

"Wifi, vipi tena?"

Ida alisimama mbele ya lile koti. "Baba Devota, uliondoka umenichukia?"

Limi akabandua pamba kidevuni, akavua koti haraka. "Shikamoo, mama. Mimi ni Limi. Utani tu, mama, nisamehe."

"Marahaba. Najua wewe ni Limi. Vaa."

"Mama, mimi sijui alichokuwa nacho moyoni."

"Hata mimi sijui, na sitajua mpaka nife. Vaa, mwanangu, nakuomba."

Sesilia akamshika wifi yake mkono, Ida akaukung'uta. Limi aliangalia wazee, na wazee wakaangalia chini. Akavaa koti, safari hii bila pamba wala chaki, machozi yakimchuruzika. Sauti ilipotoka ilikuwa ya msichana mdogo tu.

"Sikukuchukia, mama Devota. Nilikuwa na hasira, nikasema nikirudi tutayamaliza."

Ida alijua fika kwamba ni uongo wa huruma. Alijua pia kwamba hakuna mwingine atakayemjibu. Akapiga magoti mbele ya koti lile, mbele za watu wote.

"Ahsante, mume wangu," akasema. "Sasa nenda."