Zilizo Tupu Huenda Chini

Jumatatu, saa nne kasorobo asubuhi, Afrah Ramzy alikuwa ameketi ghorofani Riruta Satellite, juu ya duka la rangi, akiweka vishale vya kupangia kwenye jedwali. Kampuni iliyompa mkataba wa miezi mitatu ilitaka jedwali la kufunguliwa mtandaoni, ambalo mtu akibofya kichwa cha safu, mistari yote inajipanga upya: kwa jina, kwa idadi ya vyumba, kwa lolote atakalo. Ukibofya mara ya pili, mpango unageuka, wa mwisho anakuwa wa kwanza. Ndani yake mlikuwa na nyumba mia mbili na kumi na mbili za kichochoro kimoja cha Makina, kule Kibera, mahali barabara mpya ilipotarajiwa kupita. Kila nyumba ilikuwa na mstari wake. Ya tatu kutoka msikitini ilikuwa ya Hadia, nyanyake Afrah, aliyemlea. Jambo hilo Afrah hakumwambia mtu ofisini. Kazi ilikuwa kazi, na alikuwa ameitafuta kwa mwaka mzima.

Alibofya safu ya jina la mwenye nyumba. Mistari ikajipanga bila kukwama. Aliridhika, akanywa chai yake iliyokwisha kupoa.

Jioni alipofika Makina alikuta kichochoro kimejipanga kwa majina. Nyumba ya mzee Abdulrahman, ambayo miaka yote ilikuwa katikati, sasa ilikuwa imesimama ubavuni mwa msikiti. Ya Zeinabu ilikuwa mwisho kabisa, kando ya mtaro wa maji machafu, na Zeinabu mwenyewe alikuwa nje akifagia uwanja asioujua. Afrah alihesabu milango hadi akaipata ya kwao, akabisha hodi.

"Umechelewa," nyanyake alisema. "Tumehama kabla ya adhuhuri. Kikombe kimoja kimevunjika."

Katika chumba cha nyuma alikaa mpangaji, Okoth, fundi wa viatu, ambaye mtaa mzima ulimwita Baba Billy. Alitoka na kiatu mkononi, amekasirika kidogo.

"Afrah, hiyo kompyuta yako ndiyo inatusukuma?"

"Nadhani ni mimi, Baba Billy."

"Basi siku ingine utuambie mapema. Nilikuwa na gundi kwa moto."

Wengine nao walikuja na maneno yao, na kufikia magharibi makubaliano yakapatikana: Afrah akitaka kupanga, apange saa nne asubuhi, watoto wakiwa shule na majiko yamezimwa. Hakuna aliyeona ajabu. Watu wa Makina wamewahi kuhamishwa na kila aina ya mtu mwenye karatasi, tena kwa marungu. Kuhamishwa kwa kishale, bila hata bati moja kung'oka, kulionekana kuwa adabu nzuri.

Aliyeogopa ni Afrah peke yake, kwa kuwa yeye ndiye aliyezijua safu nyingine zilizokuwamo. Ya mwisho upande wa kulia iliitwa Hati.

Hadia alikuwa na barua. Aliihifadhi ndani ya kopo la kakao, juu ya kabati, nayo ilisema kwa wino wa zambarau kwamba babake, aliyetumikia jeshi la Mwingereza, aruhusiwe yeye na kizazi chake kukaa Kibera. Ilikuwa na sahihi na muhuri. Waliokuja kuhesabu nyumba waliisoma wakiwa wamesimama mlangoni, wakaigeuza nyuma, wakauliza namba yake. Barua haikuwa na namba. Wakashukuru kwa chai, wakaacha nafasi ya Hati tupu.

Afrah alimpigia simu Joan, karani aliyeingiza habari zile kwenye mtambo, kwa sababu jedwali lake yeye lilionyesha tu, halikuandika.

"Mimi naingiza namba, mpenzi," Joan alisema. "Hiyo barua iko na namba?"

"Iko na muhuri."

"Muhuri hauingii. Hapo panaingia namba peke yake. Pole, sawa?"

Aliyasema kwa upole wa kweli, na upole huo ulimtisha Afrah kuliko kama angetukanwa.

Sasa, kila anayeunda jedwali la kujipanga hukutana na swali moja: nafasi iliyo tupu iwekwe wapi? Si ndogo kuliko kitu, si kubwa kuliko kitu. Wapo wanaoiachia mashine iamue. Afrah aliamua mwenyewe katika juma lake la kwanza: zilizo tupu huenda chini, upange kwa kupanda au kwa kushuka, zenyewe zibaki chini tu. Alifanya hivyo kwa sababu jedwali lilionekana safi. Alimwonyesha hata Vincent, aliyeketi meza ya pili, na Vincent akasema hiyo ni kazi ya mtu anayejua kazi.

Jumanne, juma moja baada ya kuhama kule kwa kwanza, Muiruri, meneja wa mradi, alibofya Hati. Afrah alisikia mbofyo ule kutoka upande wa pili wa chumba.

Nyumba arobaini na moja zilikuwa zimeshuka mtaroni. Alizikuta jioni zimebanana, kuta zikitokwa jasho, maji meusi yakigusa kizingiti. Nyanyake alikuwa akitawadha juu ya kigoda ili asikanyage uchafu.

"Huku chini hapanifai," Hadia alisema. "Miguu yangu unaijua."

Kesho yake Muiruri alikuwa na furaha. "Limetoka vizuri sana hili jedwali," alimwambia Afrah. "Tingatinga litaanzia chini, Alhamisi ya wiki ijayo. Hao wa chini hawana kitu cha kupeleka kwa wakili."

Afrah alirudi mezani na kubadilisha mstari mmoja wa programu: zilizo tupu ziende juu. Saa nne nyumba arobaini na moja zikapanda, zikasimama upande wa msikiti, kando ya barabara ya lami. Kwa siku mbili Hadia alifurahi kama bibi harusi. Aliweka meza mlangoni akauza mahamri kwa wapita njia, na Baba Billy akapata viatu vya kushona hadi akakosa uzi. Siku ya tatu Muiruri akaligundua badiliko hilo.

"Umegeuza? Ni sawa tu," alisema. "Juu kuna lami. Lori litashusha tingatinga hapo bila kuzama. Hata ni afadhali."

Afrah aliingia chooni akakaa juu ya ndoo. Alipotoka alizirudisha nyumba chini, kwa kuwa hakukuwa na tofauti tena, na wenye hati waliosukumwa nyuma walikuwa wameanza kulalamika kuhusu kivuli.

Siku tatu kabla ya tingatinga, Muiruri alikuja na ombi la mwisho. Wakubwa wakifungua jedwali, alisema, hawapendi kuona nafasi tupu, wanauliza maswali. Kwa hiyo kiwekwe kisanduku pale juu cha kuficha nyumba zote zisizo na hati. Kiwe kimetiwa alama tangu mwanzo. Mtu akiiondoa alama, irudi yenyewe baada ya robo saa, na isiweze kuondolewa tena hadi kesho yake.

Vincent aliinua kichwa. "Naweza kuimaliza kabla ya lunch," alisema.

"Nitaifanya mimi," Afrah akajibu haraka.

Aliitaka kazi ile. Alikuwa ameona njia. Kitu kisichoonekana hakivunjwi: tingatinga litakuja, dereva ataangalia huku na huku, hatapata ukuta wa kusukuma, atarudi alikotoka. Jioni alimweleza nyanyake mpango wote, taratibu, huku akimkanda miguu.

"Na sisi tutakuwa wapi?" Hadia aliuliza.

"Hapo hapo, nyanya. Ila hamtaonekana."

"Hilo tumelizoea," Hadia alisema, akamwambia akande na ule mguu wa pili.

Jumatano saa nne Afrah alikitia kisanduku alama. Mistari arobaini na mmoja ikatoweka na jedwali likajifupisha. Huko Makina kichochoro nacho kikawa kifupi. Mwisho wake, kando ya mtaro, palibaki uwanja mtupu wa udongo mwekundu, umefagiwa vizuri. Afrah alilala kwa Zeinabu, ambaye alikuwa na hati.

Alhamisi tingatinga lilikuja. Dereva alitazama karatasi yake, akatazama uwanja, akasema leo kazi ni rahisi. Hakurudi alikotoka. Alisawazisha udongo hadi saa saba, malori yakamwaga kokoto, na kabla ya wiki ya pili kwisha palikuwa na lami nyeusi yenye mstari mweupe katikati. Afrah alisimama kila jioni akiitazama. Alikuwa amedhani mahali patupu pataachwa. Hakuwahi kufikiri kwamba mahali patupu ndipo hasa walipokuwa wakipatafuta.

Chini ya jedwali kulikuwa na mstari wa jumla, ambao pia aliuunda yeye. Awali ulisoma: Kaya zitakazoathirika, 41. Sasa ulisoma 0, maana ulihesabu zisizo na hati, tena zile tu zinazoonekana. Muiruri aliuingiza kwenye ripoti na ripoti ikasifiwa.

Tangu hapo Afrah alizoea kwenda kando ya barabara kila siku saa nne na simu yake, akitoka kazini kwa muda. Aliondoa alama kwenye kisanduku, na nyumba arobaini na moja zikatokea juu ya lami, bati kwa bati. Magari yalisimama. Polisi wa trafiki alinyoosha mkono akangoja. Watu walitoka mbio na mitungi kwenda kuchota maji, wakanunua makaa, sukari na dawa. Baba Billy alirudisha viatu alivyoshona na kupokea vingine. Dereva wa lori la mchanga alizima injini na kununua mahamri mawili kwa Hadia, akala akiegemea mlango. Ikifika saa nne na robo kila mtu alikuwa ndani, alama ikarudi, magari yakapita.

"Huko ndani kukoje, nyanya?" Afrah alimuuliza mara moja.

"Ni nyumbani," Hadia alisema. "Ila lori likipita dari linashuka kidogo. Kila likipita."

Lenah, jirani yao, alichelewa siku moja kwenye foleni ya kliniki. Alirudi saa nne na dakika ishirini, akakuta gari dogo linapita mahali palipokuwa mlango wake, na mtoto wake mchanga akiwa ndani. Alikaa kando ya barabara hadi kesho yake saa nne, maziwa yakimlowesha gauni. Baada ya hapo Afrah aliacha kulala. Aliogopa betri ya simu, aliogopa mtandao kukatika, aliogopa kuanguka njiani.

Ijumaa ya mwisho ya mkataba alipata ujumbe saa mbili asubuhi. Kampuni ilimshukuru kwa kazi safi na kumtakia heri. Akaunti yake ingefungwa siku hiyo hiyo saa tano. Alimpigia Muiruri, ambaye alisema jedwali limekamilika, hakuna cha kuongeza. Alimpigia Vincent, aliyebaki na akaunti, amsaidie kuondoa alama kila siku, na Vincent akasema ana familia.

Saa nne aliondoa alama. Nyumba zikatokea. Hakungoja watu wapite na mitungi, alikwenda mlango kwa mlango akiwaambia kwamba kesho hapatakuwa na wa kufungua, atakayetoka atoke sasa na atakachoweza kubeba. Lenah alitoka na mtoto na godoro. Wengi walitoka. Baba Billy alimwita mwanawe Billy, akafunga nyundo na misumari kwenye gunia, akasimama mbele ya Hadia akiinamisha kichwa.

"Mama, mimi ni mpangaji. Kwenye hiyo jedwali sina hata mstari," alisema. "Mimi naweza kwenda."

"Enda, Baba Billy. Viatu vyangu uliviwacha wapi?"

"Nyuma ya mlango. Nimeviweka soli mpya."

Dakika kumi zilikuwa zimepita. Afrah alimshika nyanyake mkono. "Nyanya, twende. Nakuomba."

"Nikitoka wataandika kwamba hakukuwa na mtu."

"Wameshaandika."

"Basi mimi nisiwasaidie," Hadia alisema, akaingia ndani kutazama chai.

Polisi wa trafiki aliangalia saa yake. Dereva wa mchanga alifuta makombo mdomoni, akapanda juu ya lori. Afrah alisimama kizingitini, mguu mmoja kwenye lami. Aliogopa kuingia. Kubaki nje na simu isiyofungua kitu, akijua nyanyake yuko humo peke yake, kulimwogofya zaidi. Akavua viatu, akaingia, akafunga mlango.

Alama ikarudi. Injini zikawaka nje, kisha lori la kwanza likapita juu na dari likashuka kidogo. Kopo la kakao lilitingishika juu ya kabati, halikuanguka. Mtandao ulikuwa unashika vizuri. Kwenye simu, jedwali lilionyesha nyumba mia moja sabini na moja, zimepangwa kwa majina, na chini yake: Kaya zitakazoathirika, 0.

Afrah alijaribu kuondoa alama mara moja zaidi saa tano kamili. Simu ikamwomba nywila, akaiandika, ikamjibu kwamba haimfahamu. Hadia alikuwa ameshamimina vikombe viwili.

"Weka hicho kitu chini," alisema. "Inapoa."