Yako Hiyo, Bwana Msabah

Mji wetu haumwachi mchoraji afe njaa, nawashukuru majirani zangu wote wa Mkunazini. Mchana haupiti bila sahani ya pilau au mchuzi wa papa kuletwa kwetu, imefunikwa kawa. Rangi ndiyo hawaleti. Mwaka ule wa sitini na tisa rangi ilikuwa ghali, tena ikipatikana, na mume wangu Mmanga akichorea masalio ya rangi za milango.

Na auze kwa nani, mji mzima jamaa? Kwetu mgeni akisifu kitu chako unamwambia akichukue, chake. Anakataa, unamshikilia, anakataa tena, mnakunywa kahawa yenu. Ni adabu tu. Akisifu sinia langu la shaba, anakataa vizuri kabisa. Akisifu picha ya Mmanga, anakataa mara moja kwa sauti ndogo, kisha anaitia kwapani.

"Si kaichora mwenyewe," huniambia wifi yangu Mwanakheir, ambaye nyumba yake imejaa picha hizo. "Atachora nyengine."

Basi ikatangazwa kuwa kutakuwa na onesho la picha, na mshindi atapelekwa Ujerumani kusomea uchoraji. Mmanga alikuwa akiitamani safari kama ile tangu hajanioa. Picha aliyobaki nayo ilikuwa moja: ukuta wa uani kwetu, chokaa imebanduka kwa mvua za masika, rangi za zamani zinachungulia chini yake. Ilibaki kwa sababu hakuna aliyeisifu. Walisema ukuta mbovu, angeupaka chokaa kwanza.

Siku chache kabla ya onesho, Bwana Msabah, mkuu wa kamati, alipita majumbani kuzitazama picha. Mbele ya ule ukuta alisimama mpaka kahawa yake ikapoa.

"Chokaa hii ya chini ni ya zama za babu yangu," alisema. "Bwana Mmanga, sijaona picha nzuri kama hii."

Niliuona uso wa mume wangu unavyong'aa, nikajua tumekwisha.

"Yako hiyo, Bwana Msabah."

"Hasha, siwezi."

"Wallahi utaichukua."

Nilimkanyaga mguu. Hakusikia. Alimshikilia kama anayemlazimisha mgeni kipande cha mwisho cha nyama, na Bwana Msabah, mtu wa adabu zake, akaona kuzidi kukataa ni kumvunjia heshima mwenye nyumba. Akaondoka nayo.

Nililia. Kuomba urejeshewe ulichokwisha kutoa ni fedheha, lakini kusifu si kuomba. Siku ya mwisho kabla ya onesho nikamwambia Mmanga avae kanzu, twende tukaisifu.

Tulimkuta kwake Chukwani. Picha ilikuwa ukumbini, juu ya kochi.

"Mashaallah, picha nzuri hii," nilisema.

"Nzuri, Bi Mashavu."

"Tumeipenda mno," akasema Mmanga, jasho linamtoka.

"Na mimi n'meipenda. Nshaipigilia misumari, haitikisiki." Akatumiminia chai. "Lakini Bwana Mmanga, onesho kesho, na mahala pako kwenye ukuta wa onesho patupu. Nkadhani mtu anayetoa picha kama hii, kwake zimejaa. Tatizo lenu wachoraji wa mjini mmeshiba. Hamna haraka ya kufika popote."

Nilimngoja Mmanga aseme hana nyengine. Neno moja tu lingetosha. Alikunywa chai yake taratibu, akaweka kikombe.

"Kweli, Bwana Msabah," alisema.

Njiani nilikwenda mbio kwa hasira. Yeye alikuwa akitabasamu.

"Lakini kaisifu, Mashavu. Ulimsikia siku ile? Kaiona chokaa ya chini."

Nilimwonea huruma mpaka nikamchukia. Mlangoni kwetu tulikuta sahani ya biriani kutoka kwa Mwanakheir, bado ya moto. Tukala, tukashiba.