Kuwashusha Abiria Itigi

Mwanangu Mathias aliendesha mabasi ya Tabora kwenda Dar es Salaam tangu njia ikiwa vumbi mpaka ilipowekwa lami. Sasa ana uvimbe kooni. Madaktari wa Mwanza wamesema watampasua na atapona, ila sauti yake itaondoka na uvimbe huo. Walimwambia kwa upole. Mmoja wao, binti mdogo tu, alimshikia glasi ya maji mpaka akamaliza kunywa.

Alitakiwa kurudi huko wiki iliyofuata. Hivyo bintiye, Levina, mjukuu wangu, akataka kuihifadhi sauti ya baba yake kabla haijaondoka. Kwanza alimwekea simu mbele, akasema, "Baba, ongea chochote." Mathias akaitazama ile simu kama mtu aliyeitwa polisi.

"Nina nini cha kusema?" akauliza.

Ndipo Levina akakumbuka gemu la mabasi. Vijana wametengeneza barabara zetu ndani ya kompyuta, na stendi zake, hata wauza mahindi ya kuchoma. Akamkalisha baba yake pembeni, akalitoa basi stendi ya Tabora. Kabla hawajafika Kigwa, Mathias alikuwa anaongea.

"Punguza hapo, ng'ombe hukatiza bila kuangalia. Hapa tuliwahi kulala na abiria, mvua imekata njia. Mama mmoja akatupikia viazi, watu wote wa basi, na hakumjua hata mmoja. Babu zetu walipita humu kwa miguu, pembe za ndovu mabegani. Sisi tunalalamika kiti kigumu."

Nilikuwa napepeta mchele. Niliuacha ungo ili kelele yake isiingie kwenye rekodi.

Lakini kompyuta ikianza kurekodi gemu na sauti yake pamoja, inaganda. Basi linasimama katikati ya lami, halafu linaruka mbele kama chura. Tulipoisikiliza rekodi, sauti ya Mathias ilikuwa imekatikakatika; picha iko Kigwa, maneno yameshafika Nyahua. Tukajaribu simu ichukue sauti peke yake pembeni. Haikufaa, maana basi likiganda Mathias naye ananyamaza, macho yake yanaingoja barabara. Na koo lake halikuwa la kurudiarudia. Kila aliporudia, sauti ilitoka nyembamba zaidi.

Levina alijaribu alivyojua. Alifunga kila kitu kingine kilichokuwa wazi kwenye kompyuta. Aliichomeka kwenye umeme, kwa kuwa ikiwa kwenye betri hujibania nguvu. Alikuwa akihifadhi rekodi kwenye flashi. Akaacha, akahifadhi ndani ya kompyuta yenyewe. Mimi nilikuwa nimeitandikia kitambaa changu cha kufuma, kile kinene, kama tunavyotandikia redio na runinga. Alikivuta taratibu, akakikunja vizuri.

"Kinapendeza, bibi," akasema, "ila yenyewe inapumulia chini."

Kila alichofanya kilisaidia kidogo, na bado iliganda. Akampigia fundi wa kompyuta wa mtaa wa Ng'ambo, Shomari.

Shomari ni Mzaramo, kwa hiyo ni mtani wetu sisi Wanyamwezi tangu enzi za misafara. Alivua viatu mlangoni, akaniamkia, "Shikamoo bibi," kisha akamgeukia Mathias.

"Wewe Mnyamwezi, nimesikia unakufa. Nimekuja kurithi suruali."

Watu wote waliokuja kumwona walikuwa wakinong'ona. Mathias akacheka mpaka akashika koo.

"Itakupwaya," akasema. "Nyie mwili wote umeishia kwenye kiuno cha kuchezea ngoma."

Shomari akavuta kigoda, akakaa karibu naye kabisa, ili Mathias asilazimike kupaza sauti. Akaitazama kompyuta, akabonyeza huku na huku.

"Haina ugonjwa," akasema. "Huyu ni mpagazi mmoja ana mizigo miwili. Gemu ni mzigo, kurekodi ni mzigo wa pili. Na nyie, wajukuu wa wapagazi, mmemtwika yote mnashangaa anayumba."

"Tupunguze upi, kaka Shomari?" Levina akauliza.

"Tupunguze kidogokidogo kotekote."

Akaondoa vivuli. Akaondoa miti ya mbali. Akashusha ukubwa wa picha inayorekodiwa. Levina akaendesha kutoka pale alipokuwa ameishia, akapita Nyahua, akapita Chaya. Lilikwenda vizuri zaidi, kisha likaganda tena. Shomari akachungulia ndani ya basi lile. Viti vyote vilikuwa na watu, wamama wamepakata watoto, na juu ya bodi mizigo imefungwa.

"Hawa wote wa nini?"

"Baba hataki basi tupu," Levina akasema.

"Basi hawa ndio wanaoliua. Kila mmoja kompyuta inamchora, akitikisika inamchora upya. Wakishuka hawa, litakwenda."

Mathias akatikisa kichwa. "Basi langu halitembei tupu."

"Mtani, hao ni katuni."

"Nimeshasema."

"Baba," Levina akasema polepole, "tunakutaka wewe. Hao watu hatuwajui."

"Mimi nawajua. Ekseli ilinikatikia Chaya, kondakta akapanda lori akaenda zake. Nikakaa pale mpaka mzee wa mwisho akapata gari. Sijawahi kuacha mtu njiani. Leo nianze, kwa sababu ya mashine?"

Levina akainamisha uso. Nilijua anachowaza: siku zilizobaki zilikuwa chache, na baba yake anazitumia kuwatetea watu wasiokuwepo. Nami nilimwelewa Mathias pia. Alikuwa anaondolewa sauti, na sasa anaondolewa abiria.

Shomari hakubishana. Aliondoa mikono kwenye kompyuta, akaiweka magotini.

"Wewe ndiye dereva," akasema. Akakaa akingoja, kama mtu asiye na kazi nyingine duniani, na ninajua dukani kwake watu walikuwa wanamsubiri.

Jirani alikuwa anatwanga. Mwishowe Mathias akauliza, "Tuko wapi hapa?"

"Tumepita Chaya," Levina akajibu.

"Endesha mpaka Itigi. Watu hawashushwi porini."

Levina akawasha kurekodi, akaendesha. Basi likaganda, likaruka, likaganda, likaingia stendi ya Itigi likichechemea. Mathias akajisogeza mbele, akakohoa.

"Abiria wangu, poleni na safari. Gari limezidiwa, haliwezi kufika na nyinyi. Kosa si lenu. Wenye watoto watangulie. Kijana, mshike huyo mzee mkono, ngazi ni ndefu. Tazameni chini ya viti msisahau kitu. Kama niliwahi kufunga breki kwa nguvu mkaumia, nisameheni, kulikuwa na mtu mbele. Nawashukuru mliniamini mkalala usingizi mkiwa nami. Haya, shukeni taratibu."

Levina akabonyeza, viti vikabaki wazi. Akaliondoa basi. Likaenda bila kuganda, laini, barabara ikija na kupita. Shomari akaangalia pembeni ya kioo, akamwonyesha Levina kwa kidole kwamba rekodi inakwenda sawa.

Lakini Mathias alikuwa kimya. Anatazama kile kioo kidogo cha juu ya dereva, kinachoonyesha nyuma, na ndani yake vile viti vitupu. Barabara ikaenda, naye hasemi. Nikaogopa kwamba tumetengeneza mashine tukamnyamazisha mtu.

Nikavuta kiti changu, nikakisukuma katikati yake na Levina, nikakaa.

"Dereva, una nafasi?"

Akageuka. "Wewe umetokea wapi, mama?"

"Nimepandia Itigi. Nimewakuta wenzangu wanashuka, nami nikapanda."

Shomari akafunika mdomo kwa kiganja asiingize kicheko kwenye rekodi.

"Unakwenda wapi?" Mathias akauliza.

"Sijui. Miaka yote hiyo sikuwahi kupanda basi lako, gari linanichefua. Utanitajia tunapopita."

Kisha akarudisha macho barabarani, na sauti yake ikalainika ikawa ile aliyokuwa nayo alipokuwa bado mtoto nyumbani kwangu.

"Basi kaa dirishani," akasema. "Ukichefuka niambie, tunasimama. Unakiona hicho kichaka kulia, mama? Usikidharau kwa ufupi wake. Tembo mzima anaingia humo, humwoni."

Levina akapunguza mwendo bila kuambiwa.